Majani Mabichi kwa Kamera ya Babu

Juzi, Embu mjini, muuzaji aligonga sanduku jeusi la plastiki kwa ngumi. "Dadangu, hili hata likianguka kutoka kwa bodaboda, kamera yako haitajua." Akalifungua: ndani sponji, pembeni mpira wa kuzuia maji. Nikainama kulinusa. Halikunuka chochote, na hapo nikamkumbuka nyanya.

Kamera yenyewe ni ya babu: kubwa, ya mbao, miguu mitatu, na mfuko wa ngozi uliokunjwakunjwa kati ya lenzi na kioo cha nyuma. Babu aliisafirisha katika sanduku kuukuu la majani chai, akaijazia magome makavu ya mgomba. Sisi watoto wa Runyenjes tulitumwa kuyachuma, nasi tulirudi tukijikuna hadi shingoni. Alipiga picha maharusi, wanakwaya, na akina mama wauza ndizi kule soko la Gakoromone. Nyanya pekee hakumpiga picha. "Wewe uko hapa hapa," alikuwa akimwambia. "Utakimbilia wapi?" Naye nyanya, akipepeta maharagwe, alikuwa akijibu, "Haya, ngoja nizeeke vizuri kwanza."

Kisha babu akalazwa hospitalini msimu wa mvua ndefu. Nyanya aliozwa Embu, lakini alizaliwa Igembe, kwa wakulima wa miraa, na huko kitu cha thamani hufungwa kwa majani mabichi ya mgomba kisinyauke. Akayatupa magome yetu makavu. Akaifunga kamera kwa majani mabichi, safu juu ya safu, taratibu kama anayemvisha mtoto nguo za ubatizo.

Babu aliporudi alikuwa amekonda, na amebadilika. "Mama, Jumapili ni zamu yako," alimwambia nyanya. Siku hiyo nyanya alitoka kanisani akaketi kibarazani na gauni lake la bluu, mikono magotini, hata kuku akawafukuza kwa macho tu asiharibu mkao.

Babu akafungua sanduku. Harufu ya uvundo ilitufikia sote. Ngozi ilikuwa imeota ukungu na kupasuka kwenye mikunjo.

Aligusa mpasuko mmoja kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Umeifunga vizuri, Mama. Ingekuwa miraa, ingefika Nairobi ikiwa mbichi."

Nyanya alicheka kwanza, halafu akaingia ndani kubadilisha gauni.

Babu aliahidi kuitengeneza, lakini alifariki kabla mvua iliyofuata haijaisha. Nyanya naye ameshamfuata. Picha yake tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho, ambamo amekunja uso kama anayedaiwa maelezo.

Nimeitia kamera ngozi mpya, na lile sanduku nimelinunua. Muuzaji alisema kweli, unyevu hauwezi kupenya. Sasa naweza kuifikisha salama popote nitakapo, isipokuwa pale kibarazani, Jumapili ile, ambapo mwanamke mwenye gauni la bluu amekaa wima, akizuia hata pumzi, akingoja aambiwe tayari.