Geji Niliyojifanya Kuisoma

Mwanangu, iko siku moja ambayo naikumbuka bila kupenda. Tulikuwa wapiga mbizi wawili katika bwawa la Masinga, mimi na Mutuku. Tulishuka kuondoa magogo na nyavu zilizokwama kwenye vyuma vya mlango wa maji. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimepita arobaini, ingawa nilijihesabu kijana.

Msimamizi wetu, mzee Kioko, alikuwa na sheria yake: kila mtu asome geji ya mwenzake, yaani kipimo cha hewa iliyobaki kwenye mtungi. Alisema mtu aliyezama kazini hujidanganya juu ya hewa yake, lakini ya mwenzake ataisoma kwa haki. Maskini, hakunijua.

Maandishi ya karibu yalikuwa yameanza kunitoroka. Nilikuwa na miwani ya kusomea, nimeificha nyumbani. Niliwahi kuivaa ndani ya maski. Mikono ya miwani ikainua mpira wa maski, maji yakaingia. Nikaitoa, nikanyamaza. Niliogopa kuambiwa nimezeeka, nikae juu nishike kamba.

Basi siku hiyo, chini ya maji, Mutuku akaninyooshea geji yake. Mshale niliuona kama uzi ndani ya uji. Nilimtazama, ametulia, nikamwonyesha kwa vidole kwamba yuko sawa. Akaendelea kukata nyavu. Haukupita muda akanishika bega, akapitisha kiganja shingoni: hewa imekwisha. Nikampa bomba langu la akiba la kupumulia, tukapanda polepole tumeshikana, amenitumbulia macho.

Tulipofika mashuani, kabla hajamaliza kukohoa, nikasema, "Geji yake ni mbovu." Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo. Hata kuliandika naona haya.

Mzee Kioko akaiinua mbele yangu. "Haya, nisomee. Hiyo mbovu inasema nini?"

Nikarudisha kichwa nyuma, nikitafuta umbali wa kuziona namba.

"Rudi, rudi tu," Mutuku akasema. "Ukifika vilima vya Kalama huko mbali utaiona."

Mzee hakucheka. "Musyoka, macho kuchoka si dhambi. Lakini ulimwambia mwenzako ako sawa, na hukuwa unajua."

"Sikuwa najua, mzee."

Niseme haki: Mutuku angeweza kujiangalizia. Lakini alikuwa ameniachia mimi, kwa sheria na kwa imani.

Nilikatazwa maji mpaka nimwone daktari wa macho Machakos mjini. Alinieleza bila kunicheka. Kuna maski inayowekwa vioo vya kupimiwa. Kuna vilenzi vidogo kama nusu mwezi, vinavyobandikwa kwa maji ndani ya kioo, upande wa chini. Lenzi za kuvaa jichoni alinikataza, kwa uchafu wa maji yetu. Nikachukua vile vidogo. Niliposhuka tena, namba zilikuwa wazi kama punje za mahindi. Nililia ndani ya maski, kwa kuwa dawa ilikuwa ndogo hivyo, na kwa kuikosa nusura niue mtu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo nilichokiita mimi kilitaka kumchukua asiyeficha kitu. Kwa hivyo, mwanangu, ukiona maandishi yanakukimbia, nenda upimwe mapema, na mwambie mwenzako kabla hamjaingia majini. Usipoona, sema sioni. Ni neno fupi, ingawa mimi lilinishinda.

Mungu akutunzie macho, na yakichoka akupe ulimi wa kukiri. Na yeyote atakayekukabidhi pumzi yake, ujaliwe kumrudisha kwao akiwa hai.