Mgeni wa Dirishani

Mshonaji huyu watu walimwita Mama Vifungo, maana hakuna nguo iliyotoka mkononi mwake ikiwa na kifungo kinacholegea. Sebule ndiyo ilikuwa karakana yake, na cherehani ilikaa mbele ya dirisha la pekee lenye mwanga wa maana. Hapo aliweza kutunga hata uzi mweusi bila kukunja uso.

Dada yake mkubwa alipopata kazi mji wa mbali, alimletea mmea wake kwa pikapu. Wanaume wawili waliuingiza kwa kuulaza, na uliposimamishwa, majani yake mapana yenye matundu yakagusa dari.

"Ni mwezi tu, mdogo wangu. Nikipata nyumba naufuata. Ila usiuweke gizani, utanifia."

Mama Vifungo akakubali shingo upande. Cherehani ikahamia kwenye kona, mmea ukakaa dirishani kama bibi harusi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu jembe angelishika kwa mikono gani? Mwezi ukapita, mvua zikaja zikaondoka, na mgeni akazidi kunenepa. Kila jani jipya lilimwibia mshonaji nuru. Akawa anawasha taa mchana kweupe, macho yakimwasha, hadi siku moja akapachika mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia.

Dada alipopiga simu ya video, salamu ilikuwa ya kupitia tu. "Hebu nione mmea wangu. Mbona jani lile lina umanjano? Unaufuta vumbi?"

"Naufuta, dada." Kama mfutaji mwenyewe alikuwa mzima au mgonjwa, hakuulizwa.

Umanjano ukaenea. Akapunguza maji, ukaenea. Akaacha kabisa kuumwagilia, ukaenea vilevile, na udongo ukanuka kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Vijidudu vikaanza kuruka sebuleni. Asubuhi moja akakuta maji ya kahawia yamefurika kutoka kwenye sahani ya chungu, yamelifikia gauni jeupe la harusi alilokuwa amelitundika tayari kuchukuliwa. Pindo lote lilikuwa limelowa.

Alikuwa bado ameduwaa, mama mkwe, aliyeishi nao humo ndani, akatokea na kikombe cha maji.

"Mama, unakwenda wapi na hicho kikombe?"

"Nampa maji maskini wa Mungu. Kila nikiamka nampa. Na mumeo humpa jioni. Tulipoona umemsusa, tungefanyaje?"

Mama Vifungo alimpokonya kikombe, akakiweka kando. Kisha akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule ambao hakuruhusu mtu augusishe hata karatasi, akaukata mmea ule shina kati. Utomvu ukamchuruzika mkononi. Alipong'oa kisiki, mizizi ilimkatikia vidoleni, laini, imeoza yote.

Akampigia dada yake kabla hasira haijapoa.

"Nimeukata."

"Umefanya nini? Niliulea tangu ukiwa kijiti!"

"Basi njoo uchukue kilichobaki. Si ulisema ukipata nyumba?"

"Nyumba nilipata zamani," dada akasema kwa sauti ya chini. "Ila haina dirisha la kuutosha."

"Na yangu ina mangapi?"

Dada akasema, "Samahani, mdogo wangu," lakini mshonaji alikuwa ameshakata simu. Alilia kidogo, kwa uchungu wa kufanywa ghala, kisha akabandua lesi ya pindo, akashona nyingine. Mwenye gauni alikuja, akalivaa, akajizungusha mbele ya kioo, wala hakujua kilichotokea.

Cherehani ilirudi dirishani siku hiyohiyo. Kipande cha juu cha mmea alikuwa amekitia kwenye ndoo ya maji, aje akitupe. Hakukitupa, na siku si nyingi kikachipua mizizi myeupe. Mama mkwe akaja kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mwanangu, chumbani kwangu kuna nafasi."

"Mchukue, mama. Lakini akikufia, msiba ni wako. Mimi sina kilio kingine."

Bibi akaikumbatia ndoo, akaondoka nayo akiyanong'oneza majani. Mama Vifungo akakaa akiutazama mkasi wake. Ulikuwa umepata pengo kwenye makali, na nguo za watu zilikuwa zinamngoja.