Aliyechuma Hunywa Kwanza

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tulibeba mitungi, majembe na mbuzi. Dawa za bibi zilibaki zimeota kwenye mahame, mwendo wa asubuhi nzima. Bibi huyu alikuwa jirani tu, lakini tangu wazazi wetu walipofariki nami nikaacha shule nilee wadogo zangu, hakupita mlangoni bila kuuliza tumekula nini, wala hakuondoka bila kukosoa mboga zangu.

Wakati wa vita malori yaliyotuletea dawa yalikwenda mpakani, zahanati ikaishiwa klorokwini. Kitindamimba wetu akashikwa na homa. Mganga wa zahanati aliniambia nimnyweshe maji mengi, na homa isiposhuka kufikia kesho nimbebe hadi hospitali ya Rulenge. Nikamwita bibi.

Balozi wa nyumba kumi alifika pamoja na bibi, ameshika fungu la majani aliyochuma mwenyewe nyuma ya ghala la kijiji. Yalifanana na mubirizi, mti mchungu tunaochemshia homa. Bibi aliyafikicha, akanusa, akamwambia balozi yachemshwe, ila aliyechuma hunywa kwanza.

“Mimi siumwi, mama.”

“Na mtoto haumwi kiasi cha kunywa kinachokushinda wewe.”

Balozi akacheka, akasema basi atampa mbuzi wake. Bibi akamwomba amwulize mbuzi kwanza.

Miguu ya bibi ilikuwa imevimba, hivyo nilikwenda mwenyewe mahame kuchuma mubirizi wa kweli. Nyumba yetu ilikuwa imeanguka, lakini mubirizi wa mama ulikuwa bado umesimama pale alipokuwa akichuma. Nilirudi jua likielekea kuzama.

Bibi alichemsha, akapoza, akanisogezea kikombe. Nilidhani nimpelekee mtoto.

“Kunywa. Wewe ndiye mama yake, na baba yake.”

Nikanywa. Ulimi ulikufa ganzi kwa uchungu. Bibi alinitazama usoni muda mrefu, huku akisimulia habari za kuku wake, kisha akammiminia mtoto kidogo, chini ya nusu ya nilichokunywa. Kitambaa cha kumfungia mgongoni tulikiweka tayari kwa safari ya Rulenge.

Hatukukihitaji. Alfajiri paji lake lilikuwa na jasho, limepoa. Alifumbua macho akanituhumu kwamba mimi nilikunywa dawa iliyotiwa sukari.

Leo ana watoto wake. Wakiugua hospitali huwa ya kwanza, lakini akiniletea dawa yoyote ya miti, hunisogezea kikombe baada ya kunywa yeye.