Daktari Aliyechonga Mguu Mara Mbili

Juzi, kijijini Mandawa, wilayani Ruangwa, tulimzika daktari niliyefanya naye kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika hospitali ya mashamba ya karanga kule Nachingwea. Ninyi mnaonisoma kila juma mnajua sipendi kuomboleza gazetini, na leo siombolezi, najivuna. Msemaji mmoja pale makaburini alisema marehemu alikuwa daktari, na muda wa ziada alichonga vinyago kujiburudisha. Nilitamani kumkatiza. Mimi nilikuwa dresa wake, nikifunga vidonda alivyovishona, na nasema mikono ile ilikuwa na kazi moja tu.

Wakati ule matrekta yalikuwa yanang'oa misitu, watu wanamiminika kutafuta kibarua, na wodi yetu haikukosa majeruhi. Mmoja alikuwa Mmwera, mkulima wa Nandagala. Trekta lilimsaga mguu, daktari akalazimika kuukata chini ya goti. Kidonda kilipona vizuri, mwenyewe hakupona. Mwanawe alikuwa jandoni, na kwao, siku vijana wanapotoka, baba huingia uwanjani akamchezea mwanawe ngoma mbele ya watu wote. "Nikikaa kitako siku hiyo," aliniambia, "mwanangu atatoka kama yatima, na mimi nipo hai." Miguu ya bandia iliagizwa Ulaya, na meli haikuwa na haraka na mtu wa Nandagala.

Basi daktari akasema atauchonga mwenyewe. Uchongaji alifundishwa na vibarua wa Kimakonde kambini, akikaa nao chini, tezo mkononi, bila kujali koti lake jeupe. Alichagua mpingo, mti alioupenda kuliko yote. Na ulikuwa mguu kweli, jamani. Ulikuwa na shavu, kifundo, vidole vitano na kucha zake, umesuguliwa mpaka unang'aa. Wodi nzima tulijipanga kuutazama. Mgonjwa akashukuru, akaufunga, akajikongoja hadi mlangoni, akarudi kitandani. Kila akiulizwa anajibu, "Mzuri sana, Bwana Daktari," lakini kutembea hatembei. Sisi madresa tukamsema kuwa mvivu. Mpaka siku daktari alipombana ndipo akainamisha kichwa. "Mguu ni mzuri, naona haya hata kusema. Ila ni mzigo, Bwana Daktari. Nikiuinua, nyonga inataka kung'oka." Mpingo ukiutia majini unazama. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo, na sote tulinyamaza kwa sababu uzuri wake ulikuwa umetupumbaza.

Sitampamba marehemu: alinuna. Siku kadhaa alizunguka wodini kama mtu aliyetukanwa. Jumapili akaenda kutazama ngoma ya vinyago kambini, nami nikafuatana naye. Mchezaji alikuwa amevaa kichwa kizima cha mti, anakitikisa, anakirusha huku na huko tangu mchana, na shingo haichoki. Daktari akanishika mkono. "Unaona? Cha kutazama huchongwa kwa mpingo. Cha kuvaa huchongwa kwa mti mwepesi. Nilifundishwa hilo, nikalisahau kwa kuwa nilitaka nisifiwe." Kesho yake alitafuta gogo la ule mti mwepesi wa vinyago, mweupe, usio na sura yoyote. Safari hii hakuweka vidole wala kucha. Akichonga kidogo anamwita mgonjwa aujaribu, anapapasa mfupa uliobaki, anatafuta panapobana, anarudi kuchonga tena. Chini akapigilia kipande cha tairi usiliwe na mawe. Ukiniuliza pale alikuwa anatibu au anachonga, nitashindwa kukujibu, na ndiyo maana nilitaka kumkatiza yule msemaji.

Siku ya kutoka jandoni tulikwenda Nandagala. Ngoma ilipokolea, baba mtu akaingia uwanjani, kwanza kwa hadhari, huku mkewe ameziba mdomo kwa kanga. Kisha akasahau hadhari. Alikanyaga, akageuka, akakanyaga tena, vumbi likampanda magotini, na mwanawe, ambaye siku hiyo alitakiwa kukaza uso kiume, akashindwa kuficha meno. Nililia, na sioni aibu kuliandika. Mtazamaji mmoja aliyesimama kando yetu akauliza ni fundi gani huyo aliyechonga mguu mbaya namna ile. "Ni mimi," daktari akasema, kidevu juu, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akijivunia kazi yake kiasi kile. Nami najivuna kwamba nilisimama karibu naye. Wewe kijana unayetibu, au unayechonga, au unayeandika kama mimi, usianze kwa kuuliza kama kazi yako inapendeza. Muulize kwanza aliyeivaa kama anaweza kucheza nayo.