Udongo wa Kitaluni

Siku tuliyomzika baba, baba mdogo alikuja na gunia la mchele nyuma ya baiskeli. Nilimkaribisha ndani, nikamwambia gunia libaki nje. Watu walidhani uchungu umenizidi. Ulinizidi, ndiyo, lakini akili yangu ilikuwa timamu. Mchele ule ulitoka jaruba la kwanza la shamba letu la mpunga, na jaruba la kwanza ndilo lililomla kaka yake.

Baba alikuwa mgawa maji wa skimu yetu ya mpunga kwa miaka thelathini na mmoja. Ufunguo wa lango la mfereji mkuu aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata akioga, hata akiwa ibadani, ndiyo maana kila mtu alimwita Mzee Funguo. Hakuwa na maneno mengi. Wakulima wakigombea zamu, alikaa juu ya lango akachonga kijiti mpaka wachoke, kisha akamfungulia yule ambaye zamu ilikuwa yake tangu mwanzo. Walimtania kwamba siku ya kiyama atamuuliza malaika zamu ni ya nani. Alicheka, akasema yeye atapanga foleni kama watu wengine.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, kuchambua. Kitu hakikutoka nyumbani kwetu kwenda kwa mtu bila kupita mikononi mwake. Mchele wa mgeni aliutoa mawe punje kwa punje, na mbegu za kumwazima jirani alizipepeta mara mbili. Chenga tulikula sisi. Mama, alipokuwa hai, alisema hata yeye alichambuliwa kwanza ndipo akaolewa.

Juu ya mashamba yetu kuna kiwanda kinachochovya mabati na misumari kwenye dawa ya kuzuia kutu. Maji yake machafu huingia mferejini kabla ya lango. Jaruba la kwanza, lililo langoni kabisa, ni la ukoo wetu. Ndilo hupokea maji kabla ya mengine yote, na uchafu hutua hapo. Kinachoniudhi ni kwamba mpunga wake ulistawi. Hakuna jani lililonyauka. Ungeuona ungesema Mungu ameubariki.

Watu walipoanza kulalamika juu ya maji, ofisi ya kilimo ilimtuma bwana shamba aje kupima udongo. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa skimu, alimketisha ofisini kwenye kiti chenye mto. Fomu ilisema udongo uchukuliwe sehemu kumi za shamba. Bwana shamba alitazama tope, akatazama viatu vyake, kisha akampa baba mfuko wa plastiki. Baba alirudi baada ya saa nzima na mfuko umejaa, akaandika jina lake kwenye mstari wa mchukua sampuli, kwa mwandiko wake wa kubana.

Majibu yalisema udongo ni salama, na chini yake jina la mchukua sampuli. Karatasi ikapigwa msumari kwenye mlango wa ofisi ya skimu, na tangu hapo ikawa fimbo. Kila aliyelalamika alipelekwa mbele yake akasomeshwa. Baba mdogo aliwauliza wanawake wa majaruba ya chini kama wanataka udongo wa kulima au wa kula. Mwenye kiwanda aliomba nakala, akaitia kwenye fremu.

Mwaka uliofuata baba alianza kuumwa kiuno, kisha mbavu. Siku moja alikohoa, ubavu ukavunjika. Daktari alisema mifupa imelainika na figo zinamwaga kile zinachopaswa kushika. Aliniuliza tunakula mchele wa wapi, na kama udongo wetu umewahi kupimwa. Nilijibu kwamba umepimwa na ni salama. Nilijibu kwa fahari, Mungu anisamehe.

Swali lile nilirudi nalo nyumbani. Baba alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni.

"Baba, ule udongo wa bwana shamba uliuchota wapi?"

"Kitaluni."

Kitalu chetu cha miche kiko nyuma ya nyumba. Tunakimwagilia kwa ndoo, maji ya kisimani. Maji ya mfereji hayajawahi kufika pale.

"Wote?"

"Wote. Nikaupepeta, nikatoa mizizi." Akaona ninavyomtazama. "Sasa ulitaka nimpe mgeni tope la langoni?"

Nilimwona akielewa alichokisema, polepole, kama maji yanavyojaa jaruba. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Na jina langu liko pale chini," akasema.

Tangu siku ile hakuwa na ombi lingine duniani. Alitaka udongo uchukuliwe upya, jina lake litoke kwenye uongo. Alikwenda kwa mdogo wake kwa mkongojo, akipumzika kila nyumba ya tatu. Baba mdogo alimsikiliza, kisha akamwambia karatasi ina muhuri, je, yeye anao? Wanunuzi wakisikia, mpunga wa watu wote utaozea ghalani. Baba hakukata tamaa. Alikwenda mkutanoni, akashika meza asianguke, akakiri mbele ya wanachama kwamba alichota mahali pasipostahili. Hakukusudia kudanganya, alisema, lakini uongo ni wake.

Mwenye mashine ya kukoboa, mjane ambaye baba hakuwahi kumrusha zamu hata msimu mmoja, alimjibu kwa sauti iliyosikika hadi nje. "Mzee Funguo, miaka yote umetugawia maji. Leo umeamua kutugawia sumu?"

Wakacheka. Baba mdogo akawaomba wamvumilie mzee, ugonjwa umempanda kichwani. Nilikuwepo. Waliocheka ninawakumbuka kwa viti walivyokalia.

Baba hakutoka tena nje. Wiki ya mwisho, baada ya sala, alijivua ufunguo akauweka kiganjani mwangu.

"Chota jaruba la kwanza," akasema. "Na usichambue."

Kwa hiyo gunia lile lilibaki nje, likanyeshewa. Wiki tatu baadaye nilikwenda ofisi ya kilimo, nikakalia benchi lao siku nne mpaka wakachoka kuniona. Walimtuma bibi shamba mwenye mabuti. Baba mdogo alitukuta langoni.

"Unamfukua kaka yangu," akaniambia. "Unamwaibisha kaburini."

"Aliaibishwa akiwa hai, baba mdogo, na kiti cha mbele ulikalia wewe."

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nimefunga na kusali ili nimsamehe. Msamaha bado haujaja, na sitajifanya umekuja.

Nilichota sehemu kumi za jaruba la kwanza, tope likinifika magotini. Udongo mweusi, mizizi, ganda la konokono, vyote vikaingia mfukoni. Mikono yangu, iliyofundishwa na baba, ilitaka kulitoa lile ganda. Nililiacha.

Bibi shamba aliiweka fomu juu ya ukuta wa lango, akauliza aandike nani kwenye mstari wa mchukua sampuli. Nikamwambia aandike jina langu, kisha kwa niaba ya baba, na jina la baba aliandike lote. Alinitazama, akaandika.

Majibu yalitoka baada ya miezi miwili. Kadimi, metali nzito isiyoonekana kwa macho wala kunuka, ilikuwa mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Wanunuzi wameondoka. Mwenye kiwanda anasema karatasi yake anayo, iko kwenye fremu. Kufuli la lango limebadilishwa, kwa hiyo ufunguo niliouvaa haufungui chochote. Mwenye mashine hanisalimii, na ibadani benchi zima ninaachiwa peke yangu.

Karatasi mpya niliipiga msumari mwenyewe juu ya ile ya zamani. Imeng'olewa mara mbili. Jana nilipigilia ya tatu, kwa misumari minne, na jina la baba liko pale chini.