Beringi kwenye Sinia la Mama Mkwe

Mtoto wetu wa kwanza alifia njiani, kati ya kwetu Amborovy na mji wa Mahajanga, huku Madagaska, mama yake akiwa amelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mke wangu aliposhika mimba ya pili niliapa kwamba safari hii atakwenda hospitali kwa gari, na gari lenyewe litakuwa langu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mfaransa mmoja aliyekuwa akifunga virago aliniachia gari lake, kwa sababu injini ilikuwa imekufa na hakuna aliyelitaka. Mimi ufundi nilijifunza kisiwani Nosy Be, kwenye karakana ya kiwanda cha sukari, na nilikuwa na kiburi cha mafundi wa kule, wanaoamini kwamba chuma hakiwashindi. Nikaifungua injini uani, kipande kwa kipande.

Ua huo haukuwa wangu. Kwetu sisi watu wa asili ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke, mume huhamia. Nililala na kula kwa hisani ya mama mkwe, na sikuwahi kumpandishia sauti. Hata kumtazama usoni nilikuwa naona haya.

Beringi mpya zilinitoa jasho. Ni vipande vya nusu duara vinavyoukumbatia mhimili wa injini, na ndani vina utando wa madini laini sana. Ukiuchubua huo, injini haina maisha. Kaka yangu alihangaika wiki tano kuzipata Nosy Be, akazipakia kwenye meli zikiwa zimepakwa girisi. Siku moja mvua ilianza kunyesha pale uani. Nikaziingiza ndani, nikazipanga kwenye sinia la shaba la mama mkwe, nikaenda kazini.

Niliporudi jioni, sinia lilikuwa linang'aa. Beringi nazo zilikuwa zinang'aa. Mama mkwe alikuwa amezisugua zote kwa jivu, ndimu na kumbi la nazi, kama anavyosugua vyombo vyake kabla ya maulidi. Aliniambia kwa furaha kwamba vitu vya kumbebea mwanawe haviwezi kukaa na uchafu ule. Nikapitisha kidole ndani ya kipande kimoja. Mikwaruzo mitupu.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Angekuwa mtu wa karakana ningemrushia spana. Lakini alikuwa mama mkwe, mwenye nyumba, na alikuwa akitabasamu.

"Asante, mama," nikasema.

Neno hilo ndilo lililoniponza. Nikiwa nimeshamshukuru, ningezitupaje mbele ya macho yake? Kuagiza nyingine kungekula wiki tano tena, na tumbo la mke wangu lilikuwa limeshashuka. Kulikuwa na jirani aliyefanya kazi uwanja wa ndege, mwenye gari zima, lakini ningekwenda kumwomba yeye, mama mkwe angeuliza sababu. Basi nikazifunga hivyo hivyo. Nikajiambia mafuta mazito yataficha mikwaruzo na mimi nitakwenda polepole. Fundi akianza kujibembeleza namna hiyo, anajua fika kwamba anajidanganya. Injini ilipowaka majirani walipiga vigelegele, mke wangu akalia kwa furaha. Mimi nilisikia kitu kikigonga kwa mbali, nikanyamaza.

Uchungu ulianza asubuhi ya Ijumaa. Mama mkwe alikaa nyuma, amekipakata kichwa cha binti yake. Niliendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Mke wangu alinisihi nikaze mwendo, na mimi sikuthubutu, kwa maana kila nilipokanyaga mafuta ule mlio wa chuma kugonga chuma ulipanda. Nilisoma Yasini mpaka nikachanganya aya. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Katikati ya njia injini ikapiga ukelele mfupi, ikasimama. Nilishuka nikafungua boneti, ingawa hapakuwa na cha kutazama. Mama mkwe akashuka pia, akauliza kimeharibika nini. Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamwambia ni zile beringi, kwamba jivu liliziharibu, na kwamba nilijua tangu siku ile.

Nilidhani atalia. Alinikazia macho, nami kwa mara ya kwanza nikayatazama yake.

"Ungenigombeza," akasema. "Ningenuna wiki moja, yakaisha. Wewe ukaona afadhali umpandishe mwanangu humu."

Alhamdulillah, lori lililotoka uwanja wa ndege lilitukuta pale, likatupeleka. Mtoto alizaliwa kwenye ukumbi wa hospitali kabla hawajapata kitanda, msichana, mwenye sauti ya kuudhi, mzima kabisa. Mama mkwe hakunitangaza kwa mtu yeyote. Aliendelea kunipakulia chakula kama kawaida.

Lakini mke wangu alikuwa amesikia kila neno kupitia dirisha la gari. Siku ya saba, tulipokwisha kumnyoa mtoto na wageni wakaondoka, aliniita chumbani.

"Kwa adabu yako hiyo," akaniuliza, "kuna kingine unachonificha?"

Nilimwambia hakuna. Ilikuwa kweli, na niliona wazi kwamba hakuniamini.