Dola Iliyosuguliwa kwa Majivu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Stafford tena, mji mdogo kando ya Houston, kwenye ukumbi ule ambako wauza sarafu za zamani hupanga meza zao na kuzifunika kwa vitambaa vyeusi ili fedha ionekane vizuri. Sikusimama kwenye meza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha plastiki kilichowekwa sakafuni, kile ambacho wajuzi hawakiinamii. Humo ndimo zinamotupwa dola za fedha zilizosafishwa. Mwenye meza, mzee wa kofia pana ambaye tumeshazoeana, akanitania kama kawaida yake: kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake azipite dola nzuri zote hizi aende kuchakura takataka? Nikamwambia kila mtu na ugonjwa wake. Angeniuliza tukiwa tumekaa, chai iko mezani, ningemweleza. Wewe umekaa, basi nisikilize.

Kwanza uzijue hizo dola zenyewe. Ni dola za zamani za Marekani, za fedha halisi, nzito mkononi, zina kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Zikikaa miaka mingi hushika rangi: huanza na rangi ya chai, zikawa kahawia, halafu ukingoni huingia buluu na zambarau, kama mafuta ya gari juu ya maji ya mvua. Mimi na wewe tutasema ni uchafu. Mkusanyaji atakuambia huo ndio uzuri wenyewe, na ukiusugua ukatoka, basi, umeiua dola. Hairudi tena ilivyokuwa. Kuna watu watakusamehe ukiwagongea gari, lakini hilo, thubutu!

Sheria hiyo niliijua ningali mtoto, tukiishi Gulfton, mtaa wa wageni humu Houston. Tulikuwa Warundi tuliotoka kambini Kigoma, mimi, mama na Bibi, ghorofa ya pili katika yale maapatimenti yaliyobanana. Mama alifua mashuka hotelini, akiondoka asubuhi na kurudi amechoka hoi. Mimi nilibaki na Bibi. Nakumbuka viyoyozi vikidondosha maji kwenye ngazi, muziki wa majirani wa Kihispania, gari la aiskrimu likipiga kengele zake, na harufu ya maharage ambayo Bibi aliyaweka motoni mapema kana kwamba anapikia harusi. Bibi hakuwa mpole, nisikudanganye. Ulimi wake ulikuwa pilipili. Lakini mchana alisimama dirishani akiwatazama watu wakiingia kwenye magari yao bila kutazamana, akasema, "Nchi nzuri hii. Ila haina wa kumsalimia."

Chini yetu aliishi mzee Mmarekani, mjane, mstaafu wa reli, miguu imevimba. Siku moja tulisikia harufu ya chakula kikiungua kwake, kisha ikarudia kesho yake. Bibi akaguna. Akajaza bakuli letu la bati maharage na ndizi, akanituma. Jioni mzee akalirudisha bakuli, limeoshwa vizuri, tupu.

"Tupu?" Bibi akashika kiuno. "Huyu kalelewa na nani? Nenda kamwambie chombo cha jirani hakirudi kitupu."

Nami, mkalimani wa nyumba nisiye na haya, nikateremka nikatafsiri neno kwa neno. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Tangu siku hiyo bakuli lilipanda na mkate wa mahindi, au pichi, au zile kokwa za pekani ambazo Texas nzima hujivunia. Bibi alimsalimia kila asubuhi kwa sauti kubwa kutoka ngazini, kwa Kiswahili, naye akamjibu kwa Kiingereza. Hakuna aliyeelewa neno. Kwa Bibi ilikuwa salamu pekee ya siku, na siku mzee alipochelewa kufungua mlango, Bibi hakutulia.

Jumamosi mzee alitukaribisha kahawa, akatoa sanduku lake. Ah, lile sanduku! Dola za fedha zimelala kila moja kwenye kimfuko chake. Alitufundisha kuzishika ukingoni tu, kwa vidole viwili. Alinionyesha herufi ndogo chini ya mkia wa tai, akaeleza kwamba ndiyo inayosema ilitengenezwa mji gani. Kisha aliiweka dola moja juu ya ncha ya kidole, akaigonga taratibu kwa nyingine. Tiiing! Ile sauti ilikwenda, ikaendelea kwenda, mpaka ukajikuta umeinamisha kichwa kuifuata. Halafu aligonga sarafu ya siku hizi. Tak. Basi.

Niliuliza maswali mpaka Bibi akanifinya. Nani aliibeba hii? Kwa nini uso wa huyu mama umelika na wa yule haujalika? Mzee hakujua, na kutojua ndiko kulikompendeza. Alisema mwenye dhahabu hukaa akiwaza bei, lakini mwenye dola ya zamani hukaa akiwaza watu. Huenda ilinunua farasi. Huenda ilikaa ndani ya soksi ya bibi harusi. Bibi naye, nilipomtafsiria hilo, akasema mama yake alivaa rupia ya fedha shingoni, ya enzi za Mjerumani, iliyotobolewa. Ilipotea walipokuwa wakikimbia. Alipokuwa mdogo alikuwa akiigonga kwa ukucha, ikalia hivyohivyo.

Nilitafsiri. Wiki ile bakuli lilipopanda, halikuwa na mkate. Ndani, juu ya kitambaa, ilikuwamo dola, ile aliyoipenda mzee kuliko zote, nyeusi-nyeusi yenye ukingo wa zambarau na pengo dogo pembeni kama jino lililong'oka. Alimwazima Bibi akae nayo mpaka Jumamosi, aisikilize.

Sasa, rafiki yangu, wewe unajua tulivyolelewa. Cha kuazima hurudi kikiwa safi kuliko kilivyokuja. Ukiazima kinu, unakirudisha kimeoshwa. Ukiazima sufuria ya mtu yenye masizi, unaisugua mpaka ujione uso, maana kuirudisha ilivyo ni kumtukana mwenyewe. Na Bibi hakuamini sabuni za dukani. Alikuwa na kopo la majivu aliyoyazoa kwenye jiko la kuchomea nyama kando ya bwawa la kuogelea, na sufuria zetu zilikuwa sifa ya jengo zima. Ijumaa nilitoka shuleni nikamkuta amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, dola mkononi, anaisugua kwa majivu na kamba ya katani huku akiimba nyimbo za kanisani.

"Tazama," akaniambia, uso umejaa furaha. "Masikini hana mke wa kumsafishia."

Iling'aa kama kijiko kipya. Hata mimi nilipiga makofi.

Jumamosi tukateremka, Bibi mbele amevaa kitenge chake cha misa. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee akaifunua. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Shavuni mwa yule mama wa dola kulikuwa na mikwaruzo ya duara, midogo midogo, kazi ya mkono wa Bibi. Niliona macho ya mzee yakilowa. Nilijua kuna jambo baya, na wazo langu la kwanza lilikuwa hili: akikasirika, akifunga mlango huu, Bibi atamsalimia nani?

Kisha akatabasamu. Akamwambia Bibi asante, haijawahi kung'aa hivi tangu azaliwe. Bibi akaingia jikoni kumimina kahawa kwa fahari, na mzee akaniinamia, akanieleza kwa sauti ya chini kilichotokea na kwa nini hakirekebishiki. "Lakini usimwambie," akasema. "Nina dola nyingi. Jirani ninaye mmoja."

Sikumwambia. Iliniwasha ulimini, lakini sikumwambia. Na tangu hapo kila Jumamosi, dola nyingine zikibaki kwenye vimfuko vyao, ile moja ililala wazi mezani, na mzee alimsogezea Bibi aing'arishe. Alidai imeanza kupata vumbi. Bibi aliichukua, akaisugua huku akimsengenya padri, mzee akiitikia kwa kichwa asielewe lolote.

Ilipita miezi mingi kabla sijagundua kitu. Bibi alikuwa anaisugua kwa pindo la kitenge tu. Pindo kavu, polepole. Kopo la majivu halikuteremka tena hata siku moja.

Tukipanda ngazi nikamuuliza mbona siku hizi haweki majivu.

Alisimama kupumua, kashika chuma cha ngazi. "Mimi nimekimbia vita," akasema. "Nitashindwa kusoma uso wa mtu? Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona hukumwomba radhi?"

"Mtu akikuficha aibu yako, na wewe mfiche kwamba umeiona. Ukimwambia, utakuwa umemnyang'anya wema wake." Kisha akanitazama kwa ukali wake wa kawaida. "Na hilo usiende kulitafsiri."

Basi nilikaa katikati yao, mkalimani mwenye siri mbili, kila mmoja akimlinda mwenzake, na mimi peke yangu nikijua. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Mzee alichukuliwa na binti yake wakahamia Dallas. Siku ile gari limejaa, Bibi aliisugua dola mara ya mwisho, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole. "Mwambie asiiuze." Nikatafsiri. Mzee akasema hataiuza, labda wazikwe pamoja. Akatuachia bakuli limejaa pekani mpaka zinamwagika.

Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita. Mzee, kwa hesabu yoyote, naye hayupo. Maapatimenti yamepakwa rangi mpya, lile jiko la kando ya bwawa limeng'olewa, na siku hizi mimi naishi Missouri City, hapa hapa pembeni ya Houston, mahali ambapo bakuli la jirani halirudi tupu wala halirudi, kwa sababu halikutoka.

Kwa hiyo nachakura. Kila dola iliyosafishwa naipeleka kwenye mwanga, natafuta pengo la ukingoni na mikwaruzo ya duara shavuni. Chache nimezinunua, kwa kumwonea huruma mtu aliyezisugua akidhani anasaidia. Nazigonga nyumbani, na nikwambie, zinalia vilevile. Nimetafuta Stafford, nimetafuta Houston yote, nimeendesha mpaka Dallas. Na kila nikifika chini kabisa ya kisanduku nikaikosa, nanyanyuka na moyo mweupe, naendesha kurudi nyumbani nikiimba. Maana yake haikuuzwa. Bado anayo mkononi.